Mzigo Mwepesi katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Ziwa Mweru lina eneo la kilometa za mraba zipatazo elfu tano, na mpaka wa Zambia na Kongo hupita ndani yake. Upande wa Zambia, katika mwambao wa kusini-mashariki, ipo Nchelenge, na jirani yake kabisa Kashikishi, yenye soko la samaki na hospitali ya misheni. Msafiri atokaye Mansa hufika hapo baada ya kupita Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe. Kutoka hapo, akitaka kwenda kaskazini hadi mlango wa mto Kalungwishi, au kuingia katika vijiji vya wavuvi vilivyotawanyika ufukoni, njia nyingi atakazozikuta ni za miguu, za baiskeli na za mtumbwi. Kiswahili atakisikia sokoni, kwa kuwa wachuuzi wa Kilwa na Pweto, ng'ambo ya Kongo, huvuka maji na bidhaa zao.

Katika nchi ya namna hiyo, kila kitakachohitajika usiku hakina budi kubebwa mchana. Polisi aliye katika doria ya siku tatu, askari wa wanyamapori aendaye mbuga ya Lusenga, mhudumu wa afya anayezungukia vijiji, na kijana aliyekwenda likizo kuyatazama maporomoko ya Lumangwe, wote huulizana swali lile lile: kipi kitiwe katika shanta, na kipi kiachwe nyumbani? Wengi hulijibu vibaya kwa namna moja kati ya mbili. Wako wanaobeba kila kitu, wakachoka kabla ya adhuhuri. Wako pia wanaosifu wepesi, wakaanza kupunguza pasipostahili: chandarua, dawa, chombo cha maji. Kosa la kwanza humwumiza mtu mabega. La pili laweza kumwua.

Hesabu ya uzito

Mtu mzima mwenye afya njema aweza kutembea kutwa kucha na mzigo usiozidi moja ya tano ya uzito wa mwili wake, na asubuhi ya pili akaondoka tena bila kunung'unika. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni kilo 13, maji na chakula vikiwamo. Majeshi mengi hukubali theluthi moja kwa askari aliyejiweka tayari kupigana, lakini askari huyo amezoezwa, na hata yeye hulipa kwa magoti na kwa kiuno. Watembezi wa milima wa nchi za nje wana kipimo kingine. Wao hupima vitu vyote isipokuwa vile vinavyokwisha njiani, yaani chakula, maji na mafuta ya jiko. Mzigo huo ukiwa chini ya kilo 9 huitwa mwepesi, na ukiwa chini ya kilo 4 na nusu huhesabiwa kuwa mwepesi mno.

Mizani ya dukani yatosha kwa kazi hii. Kila kitu kipimwe peke yake na uzito wake uandikwe katika daftari, kwa maana mkono hudanganya. Blanketi la jeshi la sufu laweza kufika karibu kilo mbili. Hema la turubai la pamba la watu wawili hupita kilo sita kwa urahisi, na likilowa mvua huongezeka zaidi. Nyama ya kopo hubebwa pamoja na bati lake, na bati haliliwi. Watu wengi hushangaa kuona kwamba vitu vitatu tu, yaani mfuko wenyewe, malazi na paa la kulalia, vimechukua zaidi ya nusu ya mzigo. Hapo ndipo pa kuanza kupunguza. Mtu anayekata mpini wa mswaki wake ili kupata wepesi, huku amebeba hema la kilo sita, anafanya mchezo.

Hesabu hii iliwahi kulipiwa kwa roho za watu wengi sana katika nchi hizi. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi wa Rhodesia ya Kaskazini, walioitwa tenga-tenga, walibeba unga na risasi kuelekea mpaka wa mashariki kwa miguu, na sehemu nyingine kwa mitumbwi ya Luapula, Bangweulu na Chambeshi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 50 hadi 60 hivi, yaani kilo 23 hadi 27. Mpagazi aliyebeba kilo 27 za unga na kula kilo moja kwa siku, akiwa na safari ya kwenda na kurudi, asingeweza kwenda mbali kuliko mwendo wa siku kumi na tatu. Akifika huko hana hata kibaba cha kumkabidhi askari. Kwa sababu hiyo mpagazi mmoja alihitaji mpagazi mwingine wa kumlisha, na huyo akamhitaji wa tatu. Upande wa Waingereza peke yake, katika Afrika ya Mashariki yote, wapagazi walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na vifo vilivyoandikwa vilikaribia laki moja. Wengi wao waliuawa na kuhara, homa na njaa. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wachukuzi.

Sanduku lililopotea

Kisa kingine ni cha zamani zaidi, nacho chafaa kukumbukwa na kila anayefunga shanta. Mwezi Januari 1867 msafara wa Dakta David Livingstone ulikuwa ukienda kaskazini, siku chache kabla ya kuuvuka mto Chambeshi. Tarehe 20 ya mwezi huo wapagazi wawili walitoroka. Asubuhi ile ile mmoja wao alikuwa amebadilishana mzigo na kijana aitwaye Baraka, aliyekuwa mwangalifu kuliko wenzake na kwa hiyo alikuwa amekabidhiwa sanduku la dawa. Basi aliyetoroka alitoroka na dawa zote za msafara, kwinini ikiwamo. Misitu ilitafutwa katika mvua, wala sanduku halikuonekana. Livingstone aliandika kwamba aliiona habari hiyo kama hukumu ya kifo. Aliufikia mwambao wa Mweru tarehe 8 Novemba mwaka huo, akiwa amekwisha kuugua homa mara kwa mara bila dawa ya kujitibu, na afya yake haikupata kuwa kama zamani hadi alipofariki kwa Chitambo, kusini ya Bangweulu, mwaka 1873.

Msafara ule ulikuwa umeweka dawa zake zote katika mzigo mmoja. Watu wanne wakitembea pamoja leo, dawa zao na zigawanywe katika mashanta mawili au zaidi, na kila mmoja ajue ni nani kabeba nini. Vidonge havina uzito wa kutajwa. Viachwe katika karatasi yake ya bati, vitiwe katika kopo dogo la plastiki lenye kifuniko kikali, na kopo liwekwe katikati ya nguo, mbali na mgongo wenye joto na mbali na jua.

Kisichopunguzwa

Nchelenge ni moja kati ya wilaya za Zambia zenye malaria nyingi kupita kiasi, na watafiti wamekaa huko miaka mingi kuuchunguza ugonjwa huo. Wameona kwamba mbu anayetawala huko ni yule wa jamii ya funestus, apendaye maji ya kudumu yenye majani, kama yalivyo mabwawa ya Luapula na kingo za ziwa. Mbu huyo hamaliziki mvua zinapokwisha mwezi Aprili. Huwapo hata wakati wa kiangazi, naye huuma zaidi usiku wa manane, mtu akiwa katika usingizi mzito. Kwa hiyo ule usemi wa wasafiri kwamba mwezi Julai chandarua ni mzigo wa bure hauna maana yoyote katika mwambao huu.

Chandarua cha kawaida kilichotiwa dawa kina uzito wa nusu kilo tu au zaidi kidogo. Mwenye kutaka wepesi achague cha mtu mmoja, cha kuning'inizwa kwa kamba moja, chenye marefu ya kutosha kuchomekwa chini ya mkeka pande zote. Hema lenye wavu wake ndani laweza kuchukua nafasi ya chandarua, mradi zipu yake ifungike mpaka mwisho. Mara nyingi haifungiki, na habari zake zitakuja mbele.

Kitu cha pili kisichopunguzwa ni chombo cha maji. Maji yako kila mahali Mweru, na pengine hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa mtu huona haya kubeba lita moja wakati ziwa zima liko mkono wa kushoto. Lita moja ni kilo moja, hilo halikwepeki. Lakini maji ya ufukoni hutumiwa na watu kwa kuogea na kufulia, na pale penye majani na kina kifupi mtu aweza kupata kichocho. Mlango wa Kalungwishi una viboko na mamba, na kwenda kuteka gizani si jambo la busara. Chupa mbili za plastiki za lita moja moja, zile zinazouzwa na maji dukani, ni nyepesi kuliko chupa yoyote ya chuma na hudumu safari nyingi. Maji na yachemshwe jioni, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha yasubiriwe nusu saa. Hiyo ni kazi ya jioni, wakati bado kuna mwanga.

Mfuko huchaguliwa mwisho

Dukani watu huanza na shanta. Yafaa iwe kinyume. Vitu vyote vikusanywe kwanza, vipangwe chini juu ya mkeka, ndipo itafutwe shanta ya kuvitosha. Shanta kubwa ina tabia ya kudai kujazwa. Kwa safari ya siku tatu au nne katika hali ya hewa ya Mweru, shanta ya lita 40 yatosha kabisa. Mzigo ukizidi kilo nane, mkanda wa kiunoni ni wa lazima, kwa sababu huhamisha uzito kutoka mabegani na kuuweka juu ya mifupa ya nyonga, ambayo imeumbwa kuustahimili. Mkanda huo ukae juu ya nyonga, usikae tumboni.

Askari hachagui shanta ya kikosi chake, wala buti zake, wala silaha. Uzito alio na uwezo nao ni ule anaouongeza mwenyewe: redio, jozi ya pili ya viatu vizito, mablanketi mawili pale linapotosha moja, makopo. Mkewe anayemfungia mizigo nyumbani naye ana sehemu yake katika kosa hili, kwa kuwa upendo huongeza vitu. Kila kitu anachokusudia kuongeza na kiulizwe swali moja: mara ya mwisho kilitumika kweli, au kilirudi kama kilivyokwenda? Vilivyorudi bila kuguswa mara mbili vibaki kabatini, isipokuwa dawa na vifaa vya kufungia majeraha.

Mwenye kudhani kwamba wepesi ni wa matajiri na amsikie Bi. Emma Gatewood wa Marekani. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67 na mama wa watoto kumi na mmoja, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilometa 3,000, tangu mwanzo hadi mwisho. Mfuko wake aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha jinzi, akauning'iniza begani. Alivaa raba za kawaida. Paa lake lilikuwa pazia la plastiki la bafuni, na malazi yake blanketi. Mzigo wote haukufika kilo kumi. Fundi wa cherehani wa soko lolote aweza kushona mfuko bora kuliko ule, akipewa kitambaa kigumu cha nailoni na uzi wa nailoni, na akiambiwa apige mshono mara tatu pale mikanda inapoungana na mfuko. Mahali hapo ndipo mashanta yote hukatikia.

Katika mwambao wa Mweru kuna chombo chepesi ambacho hakuna duka la watembezi linalokishinda, nacho ni kitenge. Hubeba mtoto mgongoni, huwa shuka usiku, kivuli mchana, kata ya kichwani chini ya ndoo, taulo baada ya kuoga, na kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika. Uzito wake ni robo kilo hivi. Mwanamume anayeona haya kutia kitenge katika shanta yake atabeba vitu vitano badala ya kimoja.

Kuhusu malazi, mwambao uko kiasi cha meta 900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai una upepo na ubaridi, lakini hauna barafu, kwa hiyo mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa nchi za theluji ni hasara ya fedha na ya mgongo. Mfuko mwembamba au blanketi jepesi la nyuzi za polyesta latosha, pamoja na kipande cha sponji chini ya mabega na nyonga. Wakati wa masika, kuanzia Novemba, paa ni muhimu kuliko blanketi. Turubai jepesi la nailoni lenye upana wa meta tatu kwa meta tatu hupungua kilo moja, na chini yake chandarua hutundikwa vizuri kabisa.

Viatu havibebwi mgongoni, lakini huchosha kuliko vyote. Waliopima wamekadiria kwamba kilo moja mguuni humtaabisha mtu kama kilo tano hivi mgongoni. Asiye na amri ya kuvaa buti, na ambaye njia yake ni mchanga na tope la ufukoni, atafurahia raba nyepesi zinazokauka haraka.

Chakula cha njia

Hapa Mweru ina baraka zake. Chisense, samaki wadogo kama dagaa, wakikaushwa vizuri huwa wepesi kama majani makavu, na zaidi ya nusu ya uzito wao ni chakula cha kujenga mwili. Uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na wakati huo wanaouzwa huwa ni wa akiba. Wanunuliwe kwa kuwanusa. Karanga zilizokaangwa hutoa nguvu kwa kila gramu mara moja na nusu kuliko unga. Unga wa muhogo ndio chakula cha mkoa wote, nao ni bora kubebwa kuliko muhogo mbichi, ambao zaidi ya nusu yake ni maji. Tena mihogo mingi ya Luapula ni michungu, huhitaji kulowekwa siku kadhaa ili sumu itoke. Msafiri asijichimbie shambani mwa mtu akadhani ameokota bahati. Sufuria moja ya alumini ya lita moja na nusu, yenye kifuniko, hupikia watu wawili, na ndani yake hukaa kiberiti, chumvi na kijiko.

Kutunza

Kitu chepesi hakivumilii uzembe. Turubai la pamba la zamani lilisamehe mengi, lakini nailoni nyembamba haisamehi. Maadui wake ni jua, unyevu, mchanga na panya. Jua huikausha mpaka ikararuka kama karatasi, kwa hiyo hema lisiachwe limesimama mchana kutwa bila mtu ndani. Unyevu huulainisha ule utando wa ndani unaozuia maji, ukawa unanata na kunuka, na ukishafika hapo hakuna dawa. Mtu akirudi safarini, hata akiwa amechoka vipi, na alitandaze turubai kivulini likauke kabisa kabla ya kulikunja.

Mchanga wa ufuko huingia katika meno ya zipu. Zipu na isuguliwe kwa mswaki mkavu, kisha ipakwe kipande cha mshumaa. Kifungio kikilegea na kushindwa kuunganisha meno, mara nyingi hupona kwa kubanwa kidogo sana kwa koleo pande zote mbili. Tundu dogo la turubai lizibwe siku ile ile kwa gundi na kiraka kilichokatwa duara, maana kiraka chenye pembe hubanduka. Mikanda ya shanta ioshwe kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kwa kuwa jasho lina chumvi na panya huipenda. Unga na samaki wasilale ndani ya shanta, wala shanta isilale chini penye mchwa. Kigingi cha ukutani ni mahali pake.

Familia zilizo karibu na mpaka zina sababu nyingine ya kuyajua haya. Mwaka 2017 maelfu ya watu walivuka kutoka Kongo wakaingia Nchelenge kwa kukimbia mapigano, na mwaka uliofuata makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao. Mama mwenye mtoto mgongoni amekwisha kutumia mgongo wake. Kinachobaki ni kichwa na mkono. Kwa familia ya namna hiyo yafaa kuwe na mfuko mmoja mdogo unaojulikana mahali ulipo, wenye vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki ndani ya plastiki, dawa, kitenge, kiberiti na chandarua. Mtoto wa miaka kumi aweza kubeba chandarua chake mwenyewe na chupa ya nusu lita.

Chandarua chenyewe huoshwa kwa upole, kwa sabuni isiyo kali, katika beseni na si ziwani, kwa sababu dawa iliyomo huwaua samaki. Kikaushwe kivulini, kwani jua huiharibu dawa hiyo. Cha kiwandani kimetengenezwa kustahimili kuoshwa mara ishirini hivi katika muda wa miaka mitatu, basi kisioshwe kila wiki kana kwamba ni shuka. Kabla ya kila safari kitundikwe dirishani mchana na kitazamwe mbele ya mwanga. Kila tundu linalopitisha kidole lishonwe kwa uzi wa kawaida, na sindano ile ile ichomekwe katika ukosi wa shati, kwa kuwa njiani itahitajika tena.